Turubai la Paradise

Novemba 2018 nilikuwa nimejitolea kwa mwaka wa tatu katika kikosi cha utafutaji na uokoaji cha kaunti tuliyoishi, kule California. Kazi tuliyoizoea ni kuwatafuta watu waliopotelea milimani. Safari hii tuliitwa Paradise, mji ulioteketezwa na moto wa Camp Fire tarehe 8 mwezi ule. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yakabaki majivu.

Katika moto wa namna ile usitegemee kukuta mwili. Unatafuta springi za godoro kwanza, maana mzee asiyeweza kutembea hufia kitandani, kisha unakwenda bafuni, kisha palipokuwa na mlango. Rimu za magari ziliyeyuka zikatiririka kama uji, zikaganda zikiwa vijito vya fedha barabarani.

Siku moja kiwanja kimoja kilitushinda kuingia. Msonobari ulioungua mizizi uliinamia palepale tulipoziona springi, na upepo ukipita kidogo tu unalia. Kapteni wa zimamoto akaleta kundi lake: wanaume kumi na kitu, nguo za rangi ya chungwa, neno "mfungwa" limeandikwa kwa Kiingereza kwenye mguu wa suruali.

Rangi ile naijua tangu utoto Morogoro. Wafungwa wa Kingolwira wakienda shamba, askari yuko nyuma na bunduki, na mama anatushika mkono tuvuke upande wa pili. Hapa kapteni hakuwa na silaha yoyote. Wenye misumeno ya mnyororo na mashoka ni wafungwa wenyewe.

Kijana mwenye msumeno aliuzunguka mti mara mbili, kisha akaniuliza, "Mama, wapi hamjapekua bado?" Nikamwonyesha. Akarudi kwenye gari lao, akaja na turubai, wakalitandaza yeye na mwenzake juu ya majivu, taratibu kama watu wanaomfunika mtoto aliyelala. Hakutaka vumbi la msumeno lichanganyike na mtu tunayemtafuta. Hakuna aliyemwagiza. Sisi wenye mafunzo hatukuwa tumelifikiria. Mti ukaangukia barabarani, mbali kabisa na springi.

Wakalivuta turubai hadi ukingoni mwa kiwanja. Mbwa wetu aliingia, akanusa, akakaa chini. Alikuwa amempata.

Mchana yule kijana aliniambia amebakiza miezi minane, na kwamba kazi hii ndiyo pekee aliyowahi kuipenda. Motoni walilipwa dola moja kwa saa, juu ya posho ndogo ya siku. Nilikasirika, na hasira ile ninayo hadi leo. Zaidi kiliniuma alichosema baadaye: akitoka hataajiriwa, kwa sababu idara nyingi za zimamoto zinadai leseni ya huduma ya dharura, na mwenye hatia kama yake hapewi. Sheria ya kuwaruhusu waliozima moto wakiwa kifungoni kuomba mahakama iwafutie rekodi ilitiwa saini Septemba 2020. Nilipoisoma, nilimkumbuka yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tarehe 21 mvua ilinyesha, majivu yakawa tope. Tulipita tena kiwanja kile. Turubai lilikuwa bado palepale ukingoni, limejaa maji, na vumbi la msumeno likielea juu.