Mradi wangu wa Aceh, 1873: ngozi, buluu na paa la msikiti

Machi

Napaka rangi vijisanamu vya mchezo wa vita vya mezani, na kikosi cha kwanza cha KNIL, jeshi la Uholanzi katika koloni lake la Indonesia ya leo, kimekauka na kimepakwa vanishi. Nimeanza na hawa makusudi. Mtu akisikia "jeshi la Uholanzi" hufungua chupa ya rangi ya waridi na kupaka nyuso zote rangi hiyo moja. Lakini KNIL lilikuwa jeshi la koloni, na katika watu takriban 3,000 waliopelekwa Aceh Aprili 1873 walikuwamo Wajava, Waambon na watu wa visiwa vingine vingi vya Indonesia ya leo. Nataka mtu anayesimama upande wa pili wa meza alione hilo kabla hajaambiwa kitu.

Kwa asiyeijua vita hii: Aceh ilikuwa usultani huru kwenye ncha ya kaskazini ya Sumatra, tajiri kwa pilipili manga. Mkataba wa Waingereza na Waholanzi wa 1824 uliuheshimu uhuru huo. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, njia ya meli ya mlango wa bahari wa Malaka ikapanda thamani, na Aceh imekaa mlangoni kabisa. Mwaka 1871 Waingereza wakakubali kuwaachia Waholanzi Sumatra yote. Tarehe 26 Machi 1873 Uholanzi ikatangaza vita.

Sasa kazi yenyewe. Vijisanamu ni vya chuma, vya milimita 28. Nimevisafisha kwa kisu na msasa laini, nikavipuliza praima nyeusi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine. Sare ya KNIL ni buluu iliyokoza, na Waaceh wengi huvaa suruali pana nyeusi. Ukiwa umbali wa meza, rangi hizo mbili humezana. Dawa niliyoipata iko kwenye mwangaza, yaani rangi ya juu ya mikunjo: buluu naipandisha kwa kuichanganya na kijivu chenye ubaridi, nyeusi naipandisha kwa kahawia yenye joto. Ukikaribia huoni kahawia wala kijivu, unaona nguo mbili tofauti. Askari wenyeji nimewaacha pekupeku kama walivyotembea kweli, na nyayo zao nimezipaka vumbi la rangi ileile ya kitako cha kijisanamu.

Aprili

Mwezi wa ngozi. Hapa sitaki haraka.

Mafundisho mengi ya upakaji yanaanzia kwenye ngozi nyeupe, halafu ngozi nyeusi inapewa sentensi mbili mwishoni: paka kahawia, ongeza nyeupe kidogo. Matokeo yake ni uso uliopauka, kama wa mtu aliyekosa mafuta msimu wa kaskazi. Nyeupe isiingie kabisa. Msingi wangu ni kahawia nzito yenye tone la zambarau. Ikikauka nazimua kahawia nyekundu kwa maji na kuiacha itiririke machoni, puani na chini ya kidevu. Kisha napandisha paji la uso, mifupa ya mashavu, ncha ya pua na vifundo vya vidole kwa kahawia iliyochanganywa na chungwa, na safari ya mwisho chungwa linakuwa la manjano zaidi. Vanishi yangu ya mwili mzima haina mng'ao, lakini kwenye paji la uso naongeza tone la vanishi yenye mng'ao hafifu. Aceh ni joto na unyevu, watu hawa wanatoka jasho.

Kwa Wajava na Waambon msingi ni kahawia ya wastani yenye haradali, na sipaki watu wawili mfululizo kwa mchanganyiko uleule. Wazungu waliokaa miaka mingi nawapa kahawia ya jua. Waliofika juzi nawapa wekundu puani na masikioni.

Kundi lililonifanya nianze mradi huu ni dogo kuliko yote: Waafrika. Kuanzia 1831 hadi 1872 Uholanzi iliandikisha wanaume wapatao 3,000 kutoka Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, ikawasafirisha hadi Java kutoka ngome yake ya Elmina. Wengi walikuwa watumwa walionunuliwa Kumasi, mji mkuu wa Ashanti, na bei ya uhuru wao ikakatwa kwenye mshahara wao wa uaskari. Huko Java waliitwa Belanda Hitam, Waholanzi Weusi. Wengine walibaki baada ya utumishi, wakaoa, na kwenye mji wa Purworejo, hukohuko Java, wakapewa ardhi iliyokuja kuitwa Kampung Afrikan. Jan Kooi, mzaliwa wa Elmina, alipigana Aceh na kupewa nishani ya Willem, nishani kuu ya ushujaa ya Uholanzi.

Jambo linalonikaa rohoni ni hili. Mapatano yaleyale ya 1871 yaliyoifungua Sumatra kwa Waholanzi yalikwenda sambamba na kuikabidhi Elmina kwa Waingereza, na bendera ikabadilishwa Aprili 1872. Mji wa watu hawa uliingia kwenye mizani, na upande wa pili wa mizani ilikuwepo nchi ambayo wao walitumwa kuivamia. Sijui mada nyingine katika mchezo huu wa vita vya mezani inayobeba uzito wa namna hiyo ndani ya vijisanamu vichache.

Sijapata vijisanamu vyao vilivyo tayari. Nimekata vichwa vya seti ya askari wa Afrika Magharibi, nikatoboa shingo kwa keke ya mkono, nikaunganisha kwa waya mwembamba na gundi kali kwenye miili ya KNIL. Kila mmoja kapewa uso wake. Wachache hawa ndio waliochukua muda mrefu kuliko kikosi kizima cha Machi, na ndio ninaowaonyesha wageni kwanza.

Juni

Waaceh. Baada ya buluu yote ile, mkono umefurahi. Suruali nyeusi, juu yake kitambaa kilichofungwa kiunoni mpaka karibu na magoti: pamba ya kawaida kwa wapiganaji, hariri yenye nyuzi za dhahabu kwa uleebalang, yaani watawala wa maeneo. Kofia ya heshima, kupiah meukeutop, ina nyekundu, manjano, kijani na nyeusi, na kwa ukubwa huu unahitaji brashi yenye ncha kama sindano na pumzi iliyoshikwa. Kila kiuno kina rencong, jambia la mpini uliopinda, na mipini nimeipaka rangi ya pembe. Mzinga mdogo wa shaba, lila, umepata ukijanijani wa kutu kwenye maungio.

Hawa hawatakuwa umati wa kuangushwa na bunduki. Aprili 1873 ni wao walioshinda: Jenerali Köhler, kamanda wa Waholanzi, alipigwa risasi tarehe 14 kwenye uwanja wa msikiti wa Baiturrahman akafa, na kabla mwezi haujaisha jeshi lake lilikuwa limerudi melini. Kanuni za mchezo nimezirekebisha ili ngome zao za udongo na ua wa mianzi vizuie kweli.

Kijisanamu kimoja kimenichukua jioni nyingi: Habib Abdurrahman al-Zahir, sharifu wa Kihadhrami aliyekuwa mwanadiplomasia wa Aceh, akaenda Istanbul 1873 kuomba msaada ambao haukuja. Masharifu wa Hadhramaut tunawajua pwani hii tangu zamani, kwa hiyo nilimpelekea mzee mmoja wa mtaani picha ya kijisanamu. Akavaa miwani, akatazama. "Mwanangu, huyu umempa joho zuri, lakini kilemba kimekaa kijeshi. Kilegeze upande." Nimekilegeza kwa udongo wa gundi. Kwenye mapigano ya Aprili hataingia mezani, maana hakuwepo. Nimemtunzia hatua ya baadaye, aliporudi na kupigana hadi alipojisalimisha 1878.

Julai

Msikiti. Picha inayojulikana duniani, jengo jeupe lenye kuba jeusi, isitumike kwa mchezo wa 1873. Msikiti wa wakati ule ulikuwa na paa la ngazi ngazi, uliungua katika mapigano, na lile jengo la kuba Waholanzi walilijenga baadaye, kati ya 1879 na 1881. Nimejenga kwa kadibodi ngumu, na paa nimeliezeka kwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwa fupi na kulazwa safu juu ya safu kuanzia chini. Gundi ya mbao iliyozimuliwa inazishika, kisha brashi kavu yenye kijivu cha manjano. Ngazi ya juu inatoka ili wapiganaji wawekwe ndani.

Zilizobaki ni mashamba ya mpunga yenye matuta, na wachukuzi. Jeshi lile lilibebewa mizigo na wafungwa. Seti za dukani huwa haziwaweki, kwa hiyo nitawachonga mwenyewe, na mchanganyiko wa ngozi zao nimeshauweka kwenye chupa.