Kazi mbili Houston, na bili ya Aprili

Dogo ninayekaa naye hapa Houston aliingia usiku ametoka shifti, akatupa begi kwenye kochi na kusema, "Kaka, hawa watu ni wezi." Hesabu ya kodi yake ya mwaka 2024 imekamilika. Wenzake wanasubiri kurudishiwa chao, yeye anadaiwa dola 1,900. Na slipu zake zote anazo, kila mshahara amekatwa.

Hasira zangu mimi haziko kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ziko kwa ndugu zetu waliomtangulia huku, wale wa "fomu ya kodi kazini jaza tu jina na saini, mshahara uje mzito". Hakuna hata mmoja aliyemwambia Aprili, mwezi wa kupeleka hesabu ya kodi, inakuja.

Siku za wiki dogo anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, dola 36,000 kwa mwaka. Usiku na wikiendi yuko ghalani, anabeba boksi kwelikweli, dola 22,000. Sasa, kwa mwaka ule mtu asiye na ndoa alikuwa na dola 14,600 ambazo kodi ya mapato haizigusi. Mara moja, kwa mtu mmoja. Lakini nyumba ya wazee haijui kama kuna ghala, na ghala halijui kama kuna wazee, kwa hiyo kila mmoja akamsamehe hizo 14,600 zote. Wazee wakakata 2,336, ghala likakata 740. Kodi halali ya mtu wa dola 58,000 ni 4,976. Toa mwenyewe. Hiyo hela haikuibiwa na mtu, ilishafika Singida ikawa mabati.

Nyumbani tumezoea kinyume chake. Aliyewahi kufundisha chuo cha pili jioni anajua TRA inavyoikata kazi ya pili asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, unatukana mwisho wa mwezi, basi yameisha. Huku wanakuachia uchekelee mwaka mzima.

Dawa iko kwenye fomu ya W-4, inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, ile unayosainishwa siku ya kwanza kazini pamoja na rundo la makaratasi mengine huku mtu anakusubiri mlangoni. Hatua ya 2 ina kisanduku kimoja kidogo. Ukiwa na kazi mbili, unatia tiki kwenye fomu za kazi zote mbili, na kila mwajiri atakusamehe nusu. Kwa mishahara ya dogo ingezidi kama dola 500 hivi, ambazo angerudishiwa. Asiyetaka kuzidisha aende Hatua ya 4(c) kwenye kazi yenye mshahara mkubwa, aandike kiasi cha kukatwa cha ziada. Yeye analipwa kila wiki mbili, mara 26 kwa mwaka, kwa hiyo dola 74 kila malipo zingelimaliza deni lote. Fomu unaweza kuibadilisha siku yoyote, husubiri Januari. Na watoto uwaandike kwenye kazi moja tu, ile yenye mshahara mkubwa. Kuna watu wanawaandika kote kote halafu wanashangaa.

Kuhusu wategemezi, hapo nakubali kulalamika hadi asubuhi. Mama yangu anakula kwa mkono wangu. Dawa za presha, umeme, ada ya wadogo zangu wawili, vyote natuma mimi, na risiti ninazo. Kwa sheria ya hapa mzazi unayemlisha anaweza kuhesabika mtegemezi ukapunguziwa kodi, ila awe raia au mkazi wa Marekani, au akae Kanada au Meksiko. Mama angekuwa Tijuana tungezungumza. Kwa kuwa yuko Singida, kwenye fomu yangu hayupo, mimi ni kapera nisiye na mzigo wowote duniani! Halafu binamu ananiandikia kwamba watu wa majuu tuna roho ngumu.

Wewe unayejiandaa kuja, mshahara unaotajiwa kwenye simu usiuzidishe na bei ya dola ukaanza kuchora nyumba. Kila kazi inakata pia asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni. Texas angalau haina kodi ya mapato ya jimbo, majimbo mengi wanayo. Na kazi ikisema watakupa 1099, fomu ya mtu aliyejiajiri, badala ya W-2, ile ya mwajiriwa, jua hakuna anayekukatia hata senti: utajilipia mwenyewe kila robo mwaka, pamoja na asilimia 15.3 ya kodi ya kujiajiri. Wengi wa mabegi ya vyakula na teksi za simu wamekamatwa hapo.

Dogo alitaka asipeleke ritani, yaani hiyo hesabu ya kodi ya mwaka, kabisa kwa kuwa hana hela. Nikamkatalia. Usipopeleka kufikia Aprili 15, faini ni asilimia 5 ya deni kila mwezi. Ukipeleka bila kulipa ni nusu ya asilimia moja, na riba, na unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo kwenye tovuti yao. Tumeipeleka bure kwa watu wa VITA, wa kujitolea kujaza kodi, wanaokaa maktaba; msimu wa 2025 walisaidia wenye kipato cha hadi kama dola 67,000. Yule Mswahili mwenzetu wa kujaza kodi alitaka dola 300, na akauliza kama dogo ana mpwa yeyote wa kumwazima aandikwe mtegemezi.