Kundi Nililolihama

Nilipoamua kuacha pombe, nilidhani mtihani mkubwa ungekuwa kukiri mbele ya watu kwamba mimi ni mraibu. Sikufikiri kwamba watu hao wenyewe nao wangehitaji kuchaguliwa. Niliingia katika kundi la kwanza la waraibu wanaosaidiana kuacha lililokuwa karibu, nikakaa humo miezi kadhaa, hadi jioni ambayo kijana mmoja aliyekuwa akipewa methadoni na daktari wake ili aachane na heroini alisimama na kutangaza kwamba ametimiza siku 90 bila heroini. (Nasimulia bila jina wala mahali, kwa kuwa siri ya kikao ni amana.) Kiongozi wa kikao alimjibu kwamba siku hizo hazihesabiki maadamu bado anameza dawa. Kijana alikunja karatasi aliyokuwa ameishika, akaikunja tena na tena mpaka ikawa ndogo kama ukucha, na wiki iliyofuata hakuonekana.

Hilo si jambo dogo. Methadoni hutuliza arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa ya kulevya, na hamu ya heroini, na anayeiacha kisha akairudia heroini huwa katika hatari kubwa ya kufa, kwa sababu mwili wake hauhimili tena kiwango ulichokizoea zamani. Dawa ni shauri la mgonjwa na daktari wake, na kundi linalojitwalia kazi hiyo halifai, hata kama wanachama wake ni wakarimu.

Kuhusu kundi kufuata imani ya Mungu au kutoifuata, sikuona tatizo. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya makundi ya wanaoacha pombe iliyoanzishwa Marekani mwaka 1935, hufuata hatua 12 zinazomtaja Mungu, ilhali SMART Recovery, jumuiya nyingine ya makundi ya waraibu iliyoanza mwaka 1994, hutegemea mbinu za kisaikolojia za kubadili fikra na mazoea. Kila mtu ataona mwenyewe inayomkaa.

Safari ya pili sikukurupuka. Nilihudhuria kwanza vikao vya wazi, ambavyo hata asiye mraibu hukaribishwa, nikawa natazama zaidi namna watu wanavyomsikiliza anayezungumza vibaya au kwa kigugumizi. Katika kimojawapo nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akipanga viti wanamfanyaje mwenzao anayeteleza na kunywa tena. Hakuacha kupanga.

“Mimi nimeteleza mara nne, mwanangu,” alisema, akanisogezea kiti. “Keti.”