Nilivyootesha miti ya matunda pori nyumbani

Miti ya matunda pori inayojiotea kwenye nyuzio na kingo za mashamba hukatwa bila mtu kujali. Mimi niliamua kuiotesha nyumbani, nikaanza na mitatu: mkunazi, mkwaju na mng'ongo. Wengi husema miti hii haioteshwi, huota yenyewe ikipenda. Si kweli. Inaoteshwa vizuri tu, ila kila mmoja una masharti yake, na masharti hayo karibu yote yamo kwenye mbegu.

Mkunazi ndio ninaoushughulikia zaidi. Kokwa lake ni gumu kama kokoto, na ndani mara nyingi mna mbegu mbili bapa, za kahawia, zinazong'aa. Ukilifukia zima utapata mche, lakini kwa kusubiri wiki kadhaa, na mingine itachelewa zaidi. Ukilipasua na kupanda mbegu zenyewe, huchomoza baada ya wiki moja hivi. Nyundo ina haraka mno, husaga kokwa na mbegu pamoja. Natumia jiliwa: nakaza polepole mpaka nisikie mlio mmoja mkavu, naacha hapo hapo, kisha nafungua kwa kisu. Asiye na jiliwa alilaze kokwa juu ya jiwe na kugonga kidogokidogo.

Mzizi mkuu wa mkunazi hukimbilia chini wakati juu bado kuna majani machache tu. Kiriba kifupi, yaani kifuko cha kuoteshea mche, huukunja, na mzizi uliokunjwa mapema haunyooki tena. Kwa hiyo nachagua viriba virefu, vya sentimita 30 hivi, vilivyotobolewa chini, na mara kwa mara navinyanyua ili mizizi inayotoka ikatike kabla haijazama ardhini.

Sasa, mbegu haikuhakikishii tunda. Unaweza kupanda kunazi tamu kabisa ukapata mti wa vitunda vidogo vikali. Ndiyo maana nabebesha, yaani naunganisha kipande cha mti mtamu juu ya mche pori. Shina la mche likifikia unene wa penseli, nalikata, nalipasua katikati, nachomeka kikonyo, yaani kijitawi, kilichochongwa pande mbili kutoka kwenye mti ninaoujua utamu wake, nafunga kwa utepe wa nailoni. Miiba ya kikonyo naikata kwanza, la sivyo hutoboa nailoni na maji huingia kwenye kidonda. Machipukizi ya chini ya kiungo lazima yaondolewe bila huruma, maana mche pori una nguvu kuliko kilichobebeshwa juu yake.

Kama mkunazi pori tayari umesimama kwenye uzio, usihangaike kuung'oa. Ukate karibu na ardhi, acha uchipue, bakiza chipukizi moja au mawili yenye afya, kisha yabebeshe hapo hapo. Mizizi ya mti mzima inafanya kazi kwa ajili yako, nawe unakwepa shida yote ya viriba. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote.

Mkwaju ni rahisi. Kagua mbegu kwanza, zenye vitundu zitupe, zimeshaliwa na wadudu. Zilizobaki zikwangue ganda kidogo kwa tupa, upande usio na jicho, uziloweke usiku kucha. Zilizovimba asubuhi ziko tayari kupandwa, zisizovimba zikwanguliwe tena. Jua tu kwamba majani ya mkwaju hujikunja jioni. Mche haunyauki, kwa hiyo usikimbilie ndoo ya maji. Mkwaju wa mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kuzaa, kwa hiyo mwenye haraka abebeshe.

Mng'ongo una mambo yake. Kokwa lake lina vyumba viwili au vitatu, kila kimoja kimezibwa kwa kifuniko kidogo. Mche hutokea hapo tu. Baada ya kokwa kukaa kavu kwa miezi michache, nabandua vifuniko kwa ncha ya kisu bila kugusa kiini cheupe kilichomo, ndipo napanda. Lakini kuna mti dume na mti jike, na dume hauzai. Kwenye kiriba huwezi kuitofautisha, mpaka ichanue maua.

Kwa hiyo anayetaka matunda afadhali apande vigingi. Mwishoni mwa kiangazi, kabla majani hayajatoka, nakata tawi nene kuliko mkono, la urefu wa mita 2 hivi, kutoka kwenye mti niliouona ukizaa, na nalisimika kwenye shimo la zaidi ya nusu mita, palepale utakapokaa mti. Ncha ya chini naichonga kimshazari na ya juu naikata bapa, nisije nikakisimika kigingi kichwa chini.