Umoja wetu ulipangwa, haukuota wenyewe

Kila Desemba 9 inapokaribia, husikika tena ile sifa kwamba Watanzania ni wapole kwa asili, na ndiyo maana Waislamu, Wakristo na wenye dini za jadi huishi pamoja bila shida. Mimi sifa hiyo hainiridhishi, kwa kuwa inawanyang'anya haki yao watu walioketi wakaamua mambo magumu, na baadhi ya maamuzi hayo yaliwaudhi wengi wakati ule.

Chukua suala la shule. Wakati wa uhuru, sehemu kubwa ya shule nzuri za sekondari ilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wa Kiislamu walikuwa wamebaki nyuma kwa sababu wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto angeingia darasani na kutoka amebatizwa. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, serikali ilizitwaa nyingi kati ya shule hizo na kuzifanya za wote. Makanisa yalipoteza mali na kazi ya miaka mingi, na sidhani kwamba tumewahi kuwashukuru vya kutosha. Matokeo yake ni kizazi kilicholala bweni moja, kikatawanyika saa ya kipindi cha dini, kisha kikakutana tena kwenye foleni ya ugali na maharage. Wengi wa wale wanaoongoza ofisi zetu leo, na hata ndoa kadhaa za mseto ninazozifahamu, walitokea huko.

Uamuzi mwingine haukuwa na kelele. Baada ya sensa ya 1967, makarani hawamuulizi tena mtu dini yake, na hata sensa ya 2022 haikuuliza. Wapo wanaolalamika kwamba tunajinyima takwimu muhimu, nami naona hoja yao ina uzito, lakini idadi hiyo ingegeuzwa haraka kuwa madai ya vyeo.

Hata hivyo, mipango hiyo ina nyufa zake. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa kwa umma ulizaa vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Desturi ya kumwachia Mwislamu kisu, ili kila mla nyama aweze kununua bila wasiwasi, ilikuwa imedumu kwa miaka mingi, lakini ilitegemea zaidi mazoea kuliko maelewano yaliyozungumzwa, na vijana walipohoji hawakupata jibu zaidi ya kuambiwa kwamba ndivyo ilivyo.

Tangu miaka ya 1990 shule za binafsi, zikiwemo za makanisa na za taasisi za Kiislamu, zimeongezeka sana. Sizipingi, kwani nyingi zinafundisha vizuri kuliko za umma. Lakini mtoto anayeanza chekechea na kumaliza kidato cha sita miongoni mwa watu wa dini yake tu, rafiki wa dini nyingine atampata wapi? JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima yanayowakutanisha vijana, iliyorejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, ni ya miezi michache na haiwafikii walioishia kidato cha nne. Ningependa wizara inayohusika na elimu ianzie kwenye swali hilo la watoto kukutana.