Kirusi kilicholala ndani ya bakteria

Kirusi lambda, kinachoshambulia bakteria, kina DNA ya jozi-besi zipatazo 48,500. Kikijipachika kwenye kromosomu ya E. coli, bakteria wa utumbo, hakimuui mwenyeji. Protini yake iitwayo CI huzima jeni za kuzaliana, na hiyohiyo humkinga bakteria dhidi ya lambda wengine. Kodi ya pango, tuseme.

Wapangaji wengine hulipa kwa sumu. Jeni za sumu ya kipindupindu zimebebwa na kirusi CTX. Za sumu ya Shiga, katika E. coli O157:H7, nazo zimo ndani ya kirusi kilicholala. Ndiyo maana siprofloksasini, antibiotiki inayoumiza DNA, huogopewa hapo: DNA ikiumia, RecA, protini ya bakteria mwenyewe, huifanya CI ijikate, kirusi huamka, seli hupasuka, sumu humwagika.

Kukiamsha lambda maabara, otesha bakteria wanaokibeba hadi OD (kipimo cha ukungu wa mchuzi) ya 0.4 kwenye mwanga wa nanomita 600, kisha weka mitomaisini C, dawa inayoumiza DNA, mikrogramu 0.5 kwa mililita. Baada ya saa chache, mchuzi uliokuwa na ukungu huwa mwangavu. Ukizidisha dawa, seli hufa kabla kirusi hakijazaliana. Na usihesabu madoa, yale mapengo ambapo kirusi kimeua bakteria kwenye sahani, kwa bakteria ambao tayari wana lambda: kinga ileile itakuachia sahani isiyo na doa.