Wayi-fayi iko, intaneti haiko: jinsi nilivyotatua kwa nmcli, komande ya Linux ya kupanga mtandao

Wandugu wa Goma, hii inaweza kusaidia mtu. Ku biro yetu pa Birere rauta ya waya ilikosa intaneti tangu asubuui, basi tukawasha hotspoti ya simu, laptop ya Linux ikashika wayi-fayi vizuri lakini hakuna paji hata moja inafunguka. Kutoa waya hatukutaka juu printa inapitia palepale.

Nikaanza na hii, kupima kama wayi-fayi (wlp3s0) inafika ku intaneti (8.8.8.8 ni serveri ya Google):

ping -I wlp3s0 8.8.8.8

Inajibu! Kumbe simu iko bien, shida ni njia. Nikaandika ip route, nikaona default mbili (default ni njia ya kutokea ku intaneti, metric ni namba ya kupanga gani inatangulia): ya waya (enp2s0) metric 100, ya wayi-fayi metric 600. Linux inachagua namba ndogo, njo maana kila kitu kilikuwa kinaenda kufia ku ile rauta, na NetworkManager (programu ya Linux yenye inasimamia mtandao) inapanga hivyo yenyewe, waya mbele ya wayi-fayi.

Nikatafuta jina ya koneksio ya waya na nmcli con show, kisha nikaikataza kuwa njia ya intaneti (never-default):

nmcli con mod "Connexion filaire 1" ipv4.never-default yes ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli con up "Connexion filaire 1"

Ile ignore-auto-dns musiiache, bila yayo mashini inaweza endelea kuuliza majina ya saiti (DNS) ku rauta yenye haina intaneti.

Paji zikafunguka palepale, na printa inachapa kama kawaida juu 192.168.1.x (adresi za ndani ya biro) bado inapita ku waya. Intaneti ya waya ikirudi, weka no ku zote mbili, rudilia con up.